Barua kwa Mwanangu: Je, Malkia Ranavalona Aliiuza Madagaska?

Pangani, Nairobi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Nimeusoma ujumbe wako kutoka Antananarivo, unaouliza iwapo Malkia Ranavalona III, wa mwisho katika ukoo wa watawala wa Imerina, ufalme wa nyanda za kati za Madagaska, aliiuza nchi yake alipoukubali mkataba wa kuiweka chini ya ulinzi wa Wafaransa tarehe 1 Oktoba 1895, kama wanavyodai wenzako wa kazini. Mimi nasema hakuiuza, kwa sababu siku ile hakikuwa kimebaki cha kuuza.

Alivikwa taji mwaka 1883, siku alipotimiza miaka 22, vita na Ufaransa vikiwa vimekwisha kuanza. Mamlaka yalikuwa mikononi mwa Waziri Mkuu Rainilaiarivony, ambaye alikuwa mumewe pia, na ambaye tayari alikuwa amewaoa malkia wawili waliomtangulia. Ndoa yenyewe, basi, ilikuwa sehemu ya kazi ya serikali. Vita hivyo viliisha Desemba 1885 kwa Madagaska kutozwa fidia ya faranga milioni 10. Hazina haikuwa na fedha hizo, ikabidi kukopa kwa benki ya Paris na kuweka rehani mapato ya forodha ya bandari kubwa, Toamasina ikiwamo. Sisi wa Nairobi, ambao kila tukifungua gazeti tunakutana na habari za madeni ya serikali, hatuhitaji kuelezwa hali ya mtawala ambaye ushuru wake unahesabiwa na mdai wake.

Mwaka 1890 Uingereza iliutambua ulinzi, yaani mamlaka ya dola la kigeni juu ya nchi inayobaki na mtawala wake, wa Ufaransa juu ya Madagaska, na Ufaransa nayo ikautambua wa Uingereza juu ya Zanzibar. Malkia hakuulizwa. Nakusihi uwaeleze wenzako jambo hili, maana wengi hawajui kwamba kisiwa chao na Unguja yetu viliingia katika biashara moja. Na Agosti 1896, mwezi uleule Ufaransa ilipoitangaza Madagaska koloni lake, manowari za Waingereza zililipiga mizinga kasri la Unguja.

Mwaka 1895 jeshi la Ufaransa lilishuka Mahajanga, likapoteza maelfu ya watu kwa homa na wachache mno kwa risasi, kisha kikosi chepesi kikapanda hadi mji mkuu na kulishambulia kasri tarehe 30 Septemba. Mkataba aliowekewa malkia siku iliyofuata ulikuwa umekwisha kuandikwa. Angekataa, mizinga ilikuwa palepale.

Hata huko kukubali hakukumwokoa. Jenerali Gallieni wa Ufaransa alipofika mwaka 1896 kuzima uasi wa Menalamba, Wamalagasi walioupinga utawala wa Wafaransa, aliamuru mjomba wa malkia, Ratsimamanga, na waziri Rainandriamampandry wapigwe risasi, na Februari 1897 akaufuta ufalme wenyewe. Malkia alitolewa mjini usiku, akibebwa kwa machela kuelekea pwani, akapelekwa Réunion na mwaka 1899 Algiers. Huko alipewa nyumba nzuri na posho, akaruhusiwa hata kutembelea Paris mwaka 1901, lakini kila alipoomba kurudi kwao alikataliwa. Linaloniudhi zaidi ni kwamba gharama za uhamisho huo zilitozwa kwenye bajeti ya koloni la Madagaska, yaani Wamalagasi walilipa kodi ili malkia wao azuiliwe ugenini. Alifariki Algiers tarehe 23 Mei 1917.

Mabaki yake yalirudishwa mwaka 1938 na kuwekwa Rova, lile kasri la kilimani unaloliona kutoka mjini. Moto wa mwaka 1995 uliyateketeza makaburi ya hapo, ila yeye aliokolewa, akazikwa upya Ambohimanga, kilima cha kifalme karibu na Antananarivo. Kwa hiyo ukitaka kulizuru kaburi lake, usijisumbue kumtafuta Rova. Panga safari ya Ambohimanga siku usiyokuwa na kazi, nawe unipigie picha.

Baba yako anakusalimu sana.

Ni mimi mama yako.