Jibu: Maji ya Msimbati ni maangavu, mbona dagaa hakuna?

Salaam mkuu. Unauliza kwa nini nje ya Msimbati, huku Mtwara, maji ni ya buluu, unaona hadi chini, lakini wavu unatoka mtupu, ilhali ghuba ya Mikindani maji ni ya kijani na dagaa wapo.

Anza na rangi yenyewe. Kijani ni vijimea vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyolisha vijidudu anavyokula dagaa. Kwenye buluu ile ni vichache. Jua lipo tele, ila naitreti na fosfeti, yaani chumvi za rutuba, ni haba mno, kama shamba lisilo na samadi. Mkondo unaovuka Bahari ya Hindi na kugonga pwani yetu ya kusini huja na maji ya juu yaliyokwisha rutuba. Rutuba imezama gizani pamoja na kila kinachokufa, na chini ya mita 200 hakuna mwanga wa kuotesha kitu.

Pili, msimu. Wakati wa kaskazi, upepo wa kaskazini-mashariki, maji ya juu hupata joto, huwa mepesi na kuelea bila kuchanganyika na ya chini. Kusi, upepo wa kusini, huyavuruga na kupandisha rutuba. Ndiyo kusi hiyohiyo tunayoilaani kwa kutuzuia kutoka!

Karibu na mdomo wa Ruvuma kuwa makini: tope huleta rutuba lakini huziba mwanga. Mimi mchana hushusha sahani nyeupe kwa kamba kupima uangavu wa maji. Ikipotea machoni mapema kwenye kijani, usiku narudi na taa hapo. Kwenye kahawia, nasogea ukingoni tope linapoishia.

Halafu tuambie, ulivua mwezi ukiwa mchanga au mpevu?