Sofa la krimu ndani, cherehani barazani

"Shikamoo shangazi. Mimi ni binti wa miaka 25, nakaa Sakina hapa Arusha na rafiki yangu niliyesoma naye. Tumepanga chumba masta cha futi 10 kwa 12, tunalala kitanda kimoja cha tano kwa sita, kodi tunachanga nusu kwa nusu. Napenda mazingira mazuri, kwa hiyo nimenunua sofa dogo la krimu, mapazia, taa za rangi na karatasi za maua za kubandika ukutani, vyote kwa hela yangu. Mwenzangu ni fundi cherehani. Vitambaa vyake vimezagaa, wageni wangu wakija naona aibu. Nilisogeza cherehani yake kidogo tu ili sofa likae. Juzi mvua ikainyeshea kidogo, basi imekuwa kesi, wiki ya pili hanisemeshi. Shangazi, huu si wivu? Mpenda Usafi, Sakina."

Marahaba mwanangu. Pole. Kulala kitanda kimoja na mtu aliyekununia si mchezo. Pole yangu inaishia hapo.

Nieleze kwanza: mvua iliifikiaje cherehani iliyo chumbani? Nimesoma barua mara ya pili nikidhani bati linavuja. Kumbe hiyo "kidogo tu" ni mpaka nje ya mlango! Umeitoa ndani ukaiweka barazani kipindi cha masika, mahali pake ukaweka kiti. Cherehani ile ndiyo inayotoa nusu ya kodi ya hicho chumba unachokipamba. Mwenzako hana wivu, ana hasara. Mimi ningekununia mpaka Krismasi.

Halafu hao wageni. Umeandika "wageni wangu", hukuandika wageni wetu. Nahisi ni mgeni mmoja tu, tena ana ndevu. Sina ugomvi naye, ila mwambie chumba kina wenyewe wawili.

Ninyi mabinti wa siku hizi mnanichosha na hili jambo. Anaolewa leo, kesho stuli ya mama mkwe iko jalalani, keshokutwa kabati la marehemu baba mkwe limepigwa bei, kisa halipendezi kwenye picha. Mume akinuna, anaitwa mshamba. Wifi akiuliza, ana gubu. Mwisho wa mwaka sebule inameremeta na hakuna mtu wa kukaa ndani yake. Wazee walishasema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na mazoezi ya tabia hiyo huanzia geto kama hilo lenu.

Sasa tupige hesabu. Chumba chenu ni futi za mraba 120. Kitanda cha tano kwa sita kinakula 30, yaani robo nzima, na hapo hujaweka ndoo wala mtungi wa gesi. Kitanda cha deka cha tatu kwa sita kinakula 18 tu na kila mtu anapata godoro lake. Mafundi wa kuchomelea wanakitengeneza kwa vipimo vyenu, waambieni wakinyanyue cha chini ili mabegi ya vitambaa yaingie uvunguni. Cherehani ikae dirishani, maana anayeshona anataka mwanga. Kioo kirefu kiweke ukuta unaotazamana na dirisha, chumba kitang'aa bila hizo taa zako za baa. Na dirisha msilizibe. Baridi ya Juni na Julai itawashawishi muingize jiko la mkaa ndani muote. Msithubutu, sumu ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Karatasi za maua? Ukuta ukishika unyevu zitabanduka, na rangi ya mwenye nyumba itatoka nazo. Jiandae kulipa.

Lililonishangaza zaidi ni mapazia. Unalala na fundi kitanda kimoja, halafu unakwenda kununua pazia lililoshonwa na mtu mwingine! Hivyo vipande vya vitenge unavyoviita uchafu vinatosha foronya za mito, kitambaa cha meza, hata pazia la kuficha kona ya vyombo. Ungemwomba tu, mngepamba wote. Hukumwomba kwa sababu hukutaka chumba chenu, ulitaka chako.

Leo jioni ingiza cherehani ndani. Kesho mlete fundi wa kutengeneza cherehani aifungue, aikaushe, aitie mafuta kabla kutu haijashika, na ulipe wewe peke yako, hapo hakuna nusu kwa nusu. Umwombe mwenzako radhi bila kuchomeka neno "lakini". Sofa mpelekee huyo mgeni wako, akalikalie kwake.