Swali kabla hujaswaliwa

Wahariri, wiki hii mmetuuliza kama ni sawa ujumbe wa dini, uwe bango au mahubiri, kuwekwa mahali watu wanapokwenda kupumzika: ufukweni, bustanini, baa, uwanja wa mpira. Nilikuwa saluni chini ya draya, na kabla nywele hazijakauka nilikuwa nimeshajibu kichwani: mabango sawa, mahubiri hapana. Leo ni siku ya tatu naandika na kufuta. Nadhani kosa ni la lile neno SWALI mliloliandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa. Mtanielewa mbele.

Hoja yangu ya saluni ilikuwa nyepesi. Bango unalipa kisogo na jioni yako inaendelea. Spika ukiipa kisogo inakupiga kisogoni. Mtu katoa nauli kutoka Mbagala na watoto watatu, kanunua muhogo, katandika khanga mchangani, sasa anatangaziwa kwamba anaelekea motoni. Hakuuliza. Na kujibu hawezi, maana kipaza sauti ni kimoja na kiko mkononi mwa mwenzake.

Wahubiri hupenda kuitaja Katiba, na wana haki. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 inasema kazi ya kutangaza dini, kufanya ibada na kueneza dini itakuwa ni huru na jambo la hiari ya mtu binafsi. Wao husoma "huru". Mimi nilitaka kuwasomea "hiari", na nikimaliza hapo niwasomee kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015, zile ambazo NEMC, baraza la taifa la mazingira, huzipeleka baa na nyumba za ibada vilevile. Niliandika aya mbili za namna hiyo. Zilikuwa na hasira nzuri sana. Nimezifuta.

Nimezifuta kwa sababu swali lenu linadhani dini ina nyumba yake na starehe ina nyumba yake, na dini ikionekana ufukweni basi imekuja ugenini. Mimi nimekulia Temeke. Miaka ya 1990 mihadhara ya dini ndiyo ilikuwa starehe yetu. Mtu anasimama Mwembe Yanga na Biblia mkono huu na msahafu mkono huu, anasoma aya, anataka ajibiwe, watu wanashangilia, wauza karanga wanapita katikati. Tulikwenda kama wanavyokwenda wengine kuangalia Simba na Yanga, tukarudi tunabishana nani kashinda. (Nakiri si wote walikuwa wanacheka, na serikali haikuwa inacheka kabisa.) Maulidi je, ni ibada au ni starehe? Muulizeni aliyerudi na pilau kwenye mfuko wa rambo. Na baa iliyo jirani na kwangu hivi sasa hufungua Jumapili asubuhi kwa kwaya, kwaya mpaka saa saba mchana, kisha wanaweka singeli. Wateja ni walewale, chupa ni zilezile. Sijasikia mtu akilalamika kwamba kahubiriwa.

Kwa hiyo hoja ya "mahali pake si hapa" imenivunjikia mkononi. Nimebaki na kisa kimoja, nacho ndicho kilichoniweka mezani siku tatu.

Mwaka 2018 mama yangu alitoka eda. Miezi minne na siku kumi. Baba alifanya kazi bandarini maisha yake yote ya kazi, na alikuwa na desturi moja tu ya anasa: Idi pili anatupeleka ufukwe wa Coco, wote, hata mwaka ambao hela ya nguo imekosekana. Kwa hiyo mama alipoulizwa anataka kwenda wapi kwanza, hakutaja kwa dada yake wala kwa wakwe. Alisema, "Nipelekeni nikaone maji." Kaka akaazima Noah ya rafiki yake, Jumapili mchana tukaondoka. Tulipita Daraja la Salenda na foleni yake, maana Daraja la Tanzanite lilikuwa bado, limekuja kufunguliwa 2022.

Lazima niwaambie kitu kuhusu mama na maandishi. Mama alijifunza kusoma ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, enzi zile Mwalimu ameutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima na akina mama wanakwenda darasani jioni na watoto mgongoni. Tangu hapo hakuna herufi inayompita. Anasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, majina ya maduka, khanga za watu, madigadi za bodaboda, tarehe ya kuharibika kwa maziwa. Ukiwa naye njiani ni kama una redio. Siku ile kwenye gari alikuwa kimya mpaka tunafika Salenda, pale akaanza kusoma mabango ya matangazo moja moja, na kaka akanitazama kwenye kioo akatabasamu. Tukajua amerudi.

Tukakaa chini ya mvinje. Muhogo wa kukaanga, kachumbari, pilipili ya pembeni, mama akaagiza na dafu. Akavua viatu. Kulikuwa na watoto wanagombea boya, akawa anawaamulia kwa mbali, "Mpe mwenzio, wewe umekaa sana!" Sikuwa nimemsikia akipaza sauti tangu msiba.

Ikaja bajaji, ikaegeshwa mbele yetu, mgongo umetuelekea. Nyuma imeandikwa kwa herufi nyekundu: SWALI KABLA HUJASWALIWA.

Mimi niliiona kabla yake. Nikataka kusogeza mkeka, nikasema jua limetufikia, na jua lilikuwa halijatufikia. Amekwisha kuanza. "Swa-li. Ka-bla. Hu-ja-swa-li-wa." Akanyamaza. Akairudia mara ya pili, safari hii bila sauti, nikiona midomo tu.

Ninyi wengine mtaona ni maneno ya kawaida, yako kwenye kila bajaji ya tano mjini. Baba yangu alikuwa mtu wa Ijumaa. Ijumaa hakukosa, kanzu imepigwa pasi tangu Alhamisi, lakini siku nyingine ilikuwa kazi, bao na mpira. Kisha akaswaliwa, msikiti wa mtaani, safu zikajaa mpaka barazani. Na mama kwa miezi minne na siku kumi hakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuhesabu sala za baba. Alikuwa akiniuliza usiku, "Unadhani yale aliyokuwa akisoma kimoyomoyo yanahesabiwa?" Ndiyo tumemtoa nyumbani apumzike na hesabu hiyo, hesabu ikamfuata Coco kwa magurudumu matatu.

Sasa nigombane na nani? Dereva ni kijana wa miaka ishirini, kashuka kununua dafu, yale maandishi kayakuta kwa fundi wa stika akapenda rangi. Nilimwomba asogeze bajaji. Akasogeza bila neno, tena akasema samahani dada. Bajaji ikaondoka, maneno yakabaki pale mkekani na sisi. Muhogo ukapoa.

Ndipo akaja mhubiri. Kijana pia, suti imemzidi mabega, tai, jasho, spika ya kuburuta yenye magurudumu. Akasimama hatua kumi kutoka kwetu. "Bwana asifiweee! Warumi sita, ishirini na tatu! Mshahara wa dhambi ni mauti!" Nikainuka. Hasira yote niliyokosa wa kumpa kwenye bajaji nilikuwa nimeshamwandalia yeye, hata maneno ya kwanza nilikuwa nayo mdomoni, siyaandiki hapa.

Mama alinitangulia. Sijui alivaa viatu saa ngapi. Nilimwona tu amesimama mbele ya yule kijana, ushungi kauvuta vizuri, na kijana akadhani amepata roho, akaongeza sauti. Mama akasema kitu. Hakusikika, kwa sababu ya spika. Akasema tena. Mwisho akainama, akagusa spika kwa kidole kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto, akauliza kwa ishara: kinazimwa wapi?

Kijana akazima. Na jambo la kwanza alilolifanya baada ya kuzima, alimtazama mama usoni akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

Sauti yake halisi ilikuwa imekwaruza, koo limekwisha. Mama akamwambia nina swali. Naapa alisema hivyo, nina swali. "Mtu aliyekuwa akiswali Ijumaa tu, kisha akafa, humo kwenye kitabu chako wamemwandikia nini?"

Kaka alikohoa dafu. Mimi nikasubiri Biblia ifunguliwe. Tulikuwa na mwanamke wa Kiislamu aliyetoka eda anamuuliza mlokole wa Coco habari za Ijumaa, na mhubiri gani angeacha nafasi kama hiyo impite? Kijana akakaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Akasema, "Hilo sijui, mama. Ni nani huyo?"

"Baba wa hawa."

"Pole sana, mama."

Akakaa juu ya spika yake, kwa sababu hapakuwa na kiti, mama akarudi mkekani, wakazungumza. Kijana aliuliza baba alikuwa anafanya kazi gani. Hakuna aliyekuwa ameuliza hivyo kwa miezi. Waliokuja kwenye msiba wote walimjua, wangeuliza nini? Kwa hiyo mama ndiyo mara ya kwanza alisimulia: bandari, zamu za usiku, Idi pili, jinsi alivyokuwa hajui kuogelea na alikuwa akisimama majini mpaka magotini tu kama mlingoti. Akacheka. Akampa kijana muhogo, akamwambia hilo koo litakuharibikia, chemsha tangawizi, weka asali, usinywe vya baridi. Kijana akala kwa adabu. Wakati wa kuondoka akakumbuka kazi iliyomleta, akampa kipeperushi. Mama akakipokea kwa mikono miwili, akasoma kichwa chake kwa sauti, "Je, u-me-ji-a-nda-a?", kisha akakikunjua na kufungia muhogo uliobaki.

Kijana akatazama muhogo, akatazama mama. "Basi mama," akasema, "kimefanya kazi."

Kisha akaburuta spika yake hatua kama thelathini, akaiwasha. Mshahara wa dhambi ni mauti. Sauti ileile, wala hakupunguza.

Mnaona kwa nini nimeshindwa na swali lenu. Msimamo wangu wa saluni ulisema bango halina kero na mhubiri ndiye kero. Jioni ile ilikuwa kinyume. Mhubiri alikuwa na kitufe cha kuzima, na nyuma ya kitufe kulikuwa na mtoto wa mtu anayejua kuamkia. Yale maandishi yalimkuta mama yangu siku mbaya, yakamwambia yaliyowaambia wote, na hakukuwa na mtu ndani yake wa kusema pole. Kumbukeni pia kwamba yalikuwa ya dini yake mwenyewe. Aliyemuumiza hakuwa jirani wa imani nyingine, ingawa ugomvi nilikuwa nimemwandalia jirani.

Kwa hiyo nikilazimishwa kusema, naanza na mabango, yale ya kudumu, yaliyopigiliwa misumari kwenye miti ya umma. Yaondolewe, hata kwa ajili ya mivinje tu. Stika za bajaji siziwezi. Chombo ni cha mtu, na tukianza kupiga marufuku maandishi ya watu tutaishia kuvua akina mama khanga. Wahubiri wabaki. Bila spika, au na spika ambayo bibi wa miaka sabini anaweza kuifikia kwa kidole. Na wasikaribie bembea za watoto, hilo sina mjadala nalo.

Lakini najua nimejenga hukumu nzima juu ya kijana mmoja. Mama ni mtu mzima mwenye ushungi, na mtu mzima hapa kwetu husikilizwa. Mimi nimewahi kupita ufukwe uleule nimevaa suruali na mhubiri mwingine akanifanya mfano wa somo lake mbele ya watu, na sikuona kitufe wala shikamoo. Siku ile ningeijibu barua yenu kwa mstari mmoja. Kwa hiyo kwenye hesabu yenu sijui mtaniweka upande gani. Niwekeni "si sawa", halafu mwandike pembeni kwa kalamu ya risasi.

Kabla sijatuma nilimpigia mama nikamsomea swali lenu, na kisa chote kama nilivyokiandika. Alinisahihisha mambo mawili: hakuagiza dafu, aliagiza soda, na baba alikuwa akiingia majini mpaka kiunoni, si magotini. Kuhusu mabango na mahubiri hakusema lolote. Aliuliza kama yule kijana koo lake lilipona.