Mbona jirani yetu anapata faida?

SWALI: Shikamoo mama. Nina hisa chache katika benki ndogo hapa mjini, nilizinunua kwa pesa ya mahindi. Huu mwaka wa tatu hatujaona gawio. Mkutanoni tunaambiwa uchumi ni mgumu. Mbona benki tunayopakana nayo ukuta inatangaza faida kila mwaka?
Mwanahisa, Makambako

JIBU: Marahaba mwanangu. Mvua ni moja. Kama jirani halowi, kagueni paa lenu.

Nimekaa idara ya mikopo miaka 26, na naamini ugonjwa wa benki nyingi huanzia hapo. Mwaka mmoja nililetewa faili la mfanyabiashara wa mbao. Dhamana yake ilikuwa nyumba ambayo mthamini hakuwahi hata kuifikia, aliletewa picha. Nikaandika kwamba asipewe. Kamati ikapitisha, kwa kuwa mwombaji alikuwa shemeji wa mkubwa. Mwezi wa saba marejesho yakakatika. Mkopo ukipita siku 90 bila kulipwa unahesabiwa kuwa chechefu, lakini huyu alipewa mkopo mpya alipie ule wa zamani, vitabu vikabaki safi. Baada ya miaka miwili mikopo yote miwili ikafutwa vitabuni kama hasara, ikaondoka na faida ya tawi zima. Inaniuma mpaka leo, maana ile ilikuwa akiba ya walimu na akina mama wa sokoni.

Mkopo ukishakuwa chechefu, benki inalazimika kutenga sehemu ya mapato yake kufidia hasara. Mapato yasipotosha, unaliwa mtaji, yaani hisa zako. Januari 2018 Benki Kuu ilifunga benki tano kwa mkupuo kwa upungufu wa mtaji, na Benki ya Wananchi Njombe, jirani zako, ilikuwamo. Kiwango cha mikopo chechefu ambacho Benki Kuu inataka kisivukwe ni asilimia 5 ya mikopo yote.

Angalia pia benki inapata wapi fedha. Akaunti za mishahara na akiba ndogondogo hugharimu riba kidogo. Benki inayoishi kwa amana za muda maalumu, yaani fedha zinazofungiwa benki kwa muda uliopangwa na kwa riba kubwa, za wateja wakubwa watatu inawafanyia kazi hao watatu, na mmoja akiondoka inatetemeka. Halafu kuna magari, posho za vikao na matawi yasiyo na wateja. Hayo unayaona mwenyewe.

Benki hutangaza taarifa ya fedha gazetini kila robo mwaka. Tafuta humo uwiano wa mikopo chechefu, uulinganishe na wa jirani. Kisha omba hesabu za mwaka zilizokaguliwa, usome maelezo ya mikopo ya wakurugenzi na watu wao wa karibu. Mkutano ujao simama uulize: ni mikopo mingapi iliyopangwa upya, yaani iliyobadilishiwa masharti ya kulipa, mwaka huu, na ya nani kwa ukubwa? Jina la mteja hawataruhusiwa kulitaja, lakini wanaweza kusema kama ana uhusiano na bodi. Sisitiza jibu liandikwe kwenye muhtasari.