Valvu za radieta na themostati ya ukutani
Dada, unasema boila, ule mtambo unaopasha moto maji ya kutia nyumba joto, haipumziki usiku kucha na chumba cha watoto bado baridi, ilhali themostati ya koridoni iko nyuzi 20 na valvu zote za radieta (vile vyuma vya ukutani vinavyopitisha maji ya moto) umezigeuza hadi namba 2. Tatizo liko hapo hapo.

Valvu hizo haziwasiliani na boila. Ndani ya kichwa chake mna nta au kimiminika kinachotanuka hewa ikipata joto, kikasukuma pini na kubana maji ya moto yasiingie kwenye radieta ile tu. Kinachowasha na kuzima boila ni themostati, nayo inahisi joto la koridoni peke yake. Sasa 2 ni kama nyuzi 16 hivi: valvu ya koridoni inafunga mapema, 20 haifikiwi, themostati inazidi kudai moto.

Fungua valvu ya koridoni mpaka mwisho, uiache hivyo. Nyumba nyingi hapa Uingereza radieta iliyo karibu na themostati haiwekewi kabisa valvu ya aina hiyo. Kwa watoto weka 3, karibu nyuzi 20, na pazia lisiifunike. Kuweka 5 hakuharakishi joto, tafadhali usijaribu.

Ikibaki baridi, huenda pini imekwama. Hutokea sana valvu ikikaa imefungwa kiangazi chote. Toa kichwa, bonyeza pini taratibu, iache irudi yenyewe. Usiivute kwa koleo, maji yatamwagika.