Pimeni mlango kwanza

Wadogo zangu mliokuja Dodoma kwa mafunzo kwa vitendo, juzi nimemwona mmoja wenu akipima sakafu ya modeli ya jengo yenye skeli ya 1:50, yaani sentimita 1 ya modeli ni sentimita 50 za jengo. Sakafu ilikuwa sentimita 20 kwa 16, naye akazidisha eneo lake kwa 50. Ukumbi wa mita za mraba 80 ukawa wa mita za mraba 1.6, naye akaliandika jibu hilo kwenye jedwali bila kushtuka.

1. Urefu huzidishwa kwa namba ya skeli, eneo kwa kipeo chake cha pili, ujazo kwa kipeo chake cha tatu. Kwa 1:50 ni 50, 2,500 na 125,000.

2. Mteremko wa paa pimeni juu ya paa lenyewe la modeli, kwa sababu ramani ya sakafu huufupisha.

3. Skeli iliyoandikwa msiiamini mpaka mmepima kitu ambacho ukubwa wake mnaujua. Miaka yangu ya mwanzo nilipewa modeli ya ghala la kikundi cha wakulima wa alizeti, ili nikadirie bati. Ilikuwa ya kadibodi, imekatwa kwa kufuata mchoro uliobandikwa juu yake, na pembeni pameandikwa 1:100. Kila upande wa paa ulikuwa sentimita 17 kwa 5, nami nikaandika mita za mraba 170 kwa pande zote mbili. Sikujua kwamba mchoro ule ulitolewa nakala kutoka karatasi ya A3 kwenda A4, ambayo ni nusu yake kwa eneo, hivyo kila urefu ulibaki takriban 0.71 ya ule wa awali, skeli ikawa karibu 1:141, na maandishi ya 1:100 yakabaki vilevile. Paa la kweli lilikuwa karibu mita za mraba 340. Fundi alipiga simu adhuhuri kusema kwamba bati zimeisha na upande mmoja wa kenchi uko wazi, huku mvua za msimu zikikaribia na fedha za michango zimekwisha. Hadi leo naikumbuka sauti ya mwenyekiti wao, ambaye hakunifokea, aliuliza tu mwanangu sasa tufanyeje.

Kilichoniumiza zaidi nilikigundua jioni nilipoirudia modeli. Mlango wake ulikuwa na kimo cha sentimita 1.5, yaani mita 1.5 kwa skeli niliyoiamini, ilhali mlango wa kawaida hukaribia mita 2.1. Rula ilikuwa mkononi mwangu siku nzima, na mlango ule sikuupima.

4. Badilisheni sentimita kuwa mita mara moja tu, mwishoni mwa hesabu.