Uuze Hisa Kabla ya Uchaguzi au Uzishike? Ninavyoamua Nikiwa Nakuru

Uchaguzi mkuu ukikaribia, kwenye chama chetu cha uwekezaji hapa Nakuru hurudi swali lile lile: tuuze hisa sasa bei ikiwa nzuri, au tukae nazo tuone? Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na wanachama wameshaanza kuuliza, hasa wale waliofurahia bei zilivyopanda mwaka 2024 na 2025. Wanaogopa kupoteza walichopata. Siwezi kuidharau hofu hiyo, kwa sababu wengi wetu tulikuwa mji huu huu Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi.

Mimi sianzi na nani atashinda. Naanza na kuuliza: hiyo pesa utaihitaji lini, na ukiihitaji ghafla utakuwa na nyingine ya kushika?

Kwetu Nakuru na Kisumu swali hili ni zito kuliko mahali pengine. Fikiria mtu mwenye duka Kenyatta Avenue hapa Nakuru, au kibanda cha nguo Kibuye kule Kisumu, na vyumba vichache vya kupangisha Kondele. Fujo zikizuka, duka linafungwa. Wapangaji wanarudi kwao au wanakwama bila kazi, kodi haiji. Wiki hiyo hiyo ndipo anapokumbuka kwamba ana hisa, na wiki hiyo hiyo ndipo wanunuzi wamejificha na bei imelala. Mapigo yote yanatua kwa mkupuo mmoja kwa sababu yametoka chanzo kimoja. Aliyeajiriwa na kulipwa mshahara wake kila mwisho wa mwezi, ghasia ziwe au zisiwe, anaweza kuvumilia soko likishuka. Sisi ambao riziki yetu iko barabarani tunahitaji kujipanga mapema zaidi.

Januari ile ya 2008 mji uliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na duka langu la pembejeo likafungwa. Nilikuwa na hisa za KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, nilizonunua mwaka 2006 zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 11.90. Sikuuza hata moja, na sababu haikuwa ushujaa. Nilikuwa na akiba kwenye chama cha akiba na mikopo, iliyotosha kodi ya nyumba, unga na karo ya muhula wa kwanza. Jirani yangu alikuwa na hisa kama zangu lakini hakuwa na akiba. Aliuza kwa bei aliyoikuta ili ahamishe mama yake na watoto. Baada ya mkataba wa amani wa tarehe 28 Februari kutiwa saini, kuna waliomwambia amepata hasara. Sijawahi kukubaliana nao. Hisa zake zilifanya kazi kubwa kuliko kazi yoyote ambayo zangu zimewahi kufanya.

Kwa hiyo simwambii mtu "usiuze". Anayejua atahitaji pesa kati ya Julai na Desemba ya mwaka wa uchaguzi, kwa karo, kwa kodi ya duka, kwa hospitali au kwa nauli ya kuhamisha familia, auze kiasi hicho mapema, wakati mitaa imetulia na wanunuzi wapo. Kiasi hicho tu. Asisubiri kunusa moshi wa gari la polisi. Ukiuza hisa leo, pesa hazikufikii leo: malipo hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya mauzo, kisha ndipo broka, yule wakala anayekuuzia hisa sokoni, akutumie. Hisa haziwezi kuwa nauli ya usiku.

Tarehe 1 Septemba 2017 nilikuwa Kisumu kwa shughuli za biashara. Ilikuwa Ijumaa. Mahakama ya Juu ilipofuta matokeo ya uchaguzi wa urais, mji ulijaa nderemo. Huku shangwe zikiendelea, bei katika Soko la Hisa la Nairobi zilikuwa zinaporomoka kwa kasi hadi biashara ikasimamishwa kwa takriban nusu saa. Shemeji yangu, mwenye hisa za benki, alinivuta kando akaniuliza, "Shem, niuze zote?" Nikamuuliza atazifanyia nini hizo pesa Jumatatu. Hakuwa na la kufanya nazo. Alitaka tu mapigo ya moyo yatulie. Nikamwambia kwamba siku kama ile, akimwagiza broka auze kwa bei yoyote, atauziwa kwa bei ya aliye na njaa ya kununua rahisi. Kama ni lazima auze, ataje bei ya chini kabisa anayoikubali, na isipopatikana akae. Hakuuza. Uchaguzi wa marudio ukafanyika tarehe 26 Oktoba, siku ambayo Kisumu na maeneo ya jirani hayakupiga kura, na wasiwasi ukaendelea hadi wapinzani wawili, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga, waliposhikana mikono tarehe 9 Machi 2018.

Kuna hesabu ambayo wanaopenda kutoka na kurudi sokoni huisahau. Kwa sisi wenye hisa chache, ada ya broka na tozo nyingine hufika karibu asilimia 2 unapouza, na karibu asilimia 2 tena unaponunua. Bei isiposhuka zaidi ya asilimia 4 hivi, umejisumbua bure. Tena unatakiwa upatie mara mbili: siku ya kutoka na siku ya kurudi. Nimeona wengi wakipatia ya kutoka. Ya kurudi huwashinda, kwa sababu bei zikiwa chini kabisa ndipo habari zinakuwa mbaya kabisa, na hakuna anayetaka kununua redio ikitangaza vifo. Gawio, ile sehemu ya faida ambayo kampuni huwalipa wenye hisa, nalo halikungoji. Kama ulikuwa nje siku daftari la wanahisa lilipofungwa, limekupita, na lile gawio mwananchi wa kawaida hukatwa kodi ya asilimia 5 tu.

Sasa niseme jambo ambalo naona tunalikosea sana kwenye mazungumzo yetu. Tunaogopa siasa ya barabarani kwa sababu inaonekana na inanuka moshi, lakini siasa iliyoumiza wenye hisa zaidi ni ya kalamu. Agosti 2016 hakukuwa na jiwe lililorushwa. Rais alitia saini sheria ya kudhibiti riba za mikopo ya benki, na hisa za benki zikaanguka mara moja. Sheria ile ilidumu hadi Novemba 2019. Aliyekuwa na hisa za benki alihitaji kuwafuatilia wabunge wanapojadili miswada kuliko kufuatilia mikutano ya kampeni. Kwa kampuni za umeme, mwangalie anayepanga bei ya umeme.

Halafu kuna mambo ambayo hata si siasa yetu. Hisa ya Safaricom, iliyouzwa kwa umma kwa shilingi 5 mwaka 2008, ilipita shilingi 40 mwaka 2021. Uchaguzi wa Agosti 2022 ulipita, Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 5 Septemba, na nchi ikatulia. Hata hivyo mwaka 2023 hisa hiyo ilishuka hadi chini ya shilingi 15. KenGen, ambayo mvuke wake unatoka Olkaria kwenye kaunti yetu hii, ilimaliza 2023 ikiwa karibu shilingi 2. Ni kweli 2023 kulikuwa na maandamano, na Kisumu iliyaona kwa uchungu. Lakini mzigo mkubwa ulitoka kwingine: Marekani ilipandisha riba kutoka karibu sufuri hadi zaidi ya asilimia 5, wawekezaji wa kigeni wakauza kwetu wakapeleka pesa huko, dola ikawa adimu hadi ikafika karibu shilingi 160 mapema 2024, na dhamana za Hazina za siku 91, yaani kuikopesha serikali kwa miezi mitatu, zikawa zinalipa karibu asilimia 16. Nani angehangaika na hisa wakati serikali inamlipa hivyo?

Kisha tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha wakaingia Bunge, na siku iliyofuata rais akakataa kuutia saini. Wapo waliouza kila kitu wiki ile, wakiamini nchi imekwisha. Lakini shilingi ilikuwa tayari imepata nguvu, na Agosti mwaka huo Benki Kuu ikaanza kushusha riba kutoka asilimia 13. Soko likapanda, tena likaendelea kupanda mwaka uliofuata. Sisemi damu iliyomwagika haina uzito kwa sababu bei zilipanda. Ina uzito kuliko hisa zote. Ninachosema ni kwamba bei ya hisa haipimi maumivu ya nchi, na anayeuza kwa kufuata maumivu hayo atashangazwa mara nyingi.

Siasa ya ahadi nayo naiogopa kuliko ya vitisho. Sisi wa magharibi na Bonde la Ufa tunaijua habari ya kampuni ya sukari ya Mumias. Kampuni iliingia soko la hisa mwaka 2001, na miongoni mwa wanahisa walikuwemo wakulima wa miwa wenyewe. Ilipoanza kuugua, vitabu vyake vilisema wazi: hasara, kisha hasara kubwa zaidi, madeni, na miwa isiyofika kiwandani. Kila kampeni walikuja watu na vipaza sauti kuahidi kuifufua, na kila ahadi iliwapa watu sababu ya kushikilia. Mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa, kwa sababu ya deni la benki, na hisa zake zikasimamishwa kuuzwa. Hisa iliyosimamishwa huwezi kuitoa hata kwa senti. Watu husema mvumilivu hula mbivu, lakini tunda lililooza mtini haliivi.

Hapo ndipo ninapotenganisha kushika na kung'ang'ania. Kabla ya kuamua kushika hisa kupitia uchaguzi, nasoma taarifa ya mwaka ya kampuni. Natazama kama pesa taslimu inaingia kutokana na biashara yenyewe, kama madeni yanakua haraka kuliko mauzo, kama gawio limelipwa, na kama lilipoachwa sababu ilielezwa vizuri. Kampuni ikiwa nzima, duka la mji mmoja kufungwa mwezi mzima halitaiua. Ikiwa mgonjwa, naiuza hata kama uchaguzi uko miaka minne mbele na mgombea ninayempenda ameahidi kuiokoa.

Kwenye chama niliwaomba jambo moja likaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano: sababu ya kuuza au kushika iandikwe kabla ya kampeni kupamba moto, kwa sentensi moja, kwa kila hisa tuliyonayo. Chama chetu kina watu wa vyama tofauti vya siasa, na nimeona mtu akitaka kuuza kwa sababu mgombea wake anashindwa, na mwingine akitaka kununua kwa sababu wake anaongoza. Pesa za kikundi hazipaswi kubeba shangwe wala machozi ya mtu. Mwanzoni walinung'unika, hasa mwenyekiti, lakini karatasi ile imetuzuia kugombana zaidi ya mara moja.

Kwa upande wangu, nimeshaamua. Nitauza sehemu ya hisa za benki kabla ya Mei 2027, kiasi cha kulipa kodi ya duka na karo hadi Desemba, na pesa hizo nitaziweka ninapoweza kuzitoa siku hiyo hiyo. Zilizobaki sitazigusa. Mke wangu anajua jina la broka na nambari ya akaunti ya CDS, ile inayohifadhi hisa zetu, kwa sababu mitandao ikizimwa au mimi nikikwama safarini, lazima awepo mwingine anayejua tulichonacho. Nawe mpigie broka wako sasa, wakati simu inapokelewa, uhakikishe nambari yako ya simu, akaunti ya benki na jina la mrithi walizonazo ni za sasa. Waliofungua akaunti wakati wa pilikapilika za Safaricom 2008 wengi wameshabadilisha laini, na wengine wana magawio ya miaka ambayo hayajawahi kuwafikia.